Kuweka Windows na Ubuntu katika kompyuta moja: yaliyonikuta Mtwara

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuweka Ubuntu, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows, katika kompyuta ya nyumbani bila kuiondoa Windows, kwa kuwa hesabu zako za korosho zimo humo. Inawezekana, nami hapa Shangani natumia zote mbili, ingawa mara ya kwanza niliharibu.

Kosa langu lilikuwa kuiachia programu ya kusakinisha Ubuntu ipunguze nafasi ya Windows, ilhali sikuwa nimenakili hata faili moja pembeni. Kazi ikiwa katikati umeme ukakatika, na kwa kuwa yangu ni kompyuta ya mezani isiyo na UPS (kifaa cha kuhifadhi umeme wa akiba), ilizimika papo hapo. Uliporudi, Windows haikufunguka tena, na hesabu za msimu mzima zikawa zimekwenda. Kwa hiyo nakili kwanza faili zako kwenye diski ya nje, kisha ipunguze nafasi ukiwa ndani ya Windows yenyewe. Ubuntu huhitaji angalau GB 25. Mimi niliipa 60. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, yaani ulinzi wa Windows wa kuifunga diski kwa siri, andika ufunguo wake wa dharura kwenye daftari kabla ya kugusa chochote.

Zima pia mpangilio wa Windows wa kuwaka haraka (Fast Startup), kwa sababu nao ukiwepo Windows haizimiki kabisa bali husinzia, na Ubuntu hukataa kuandika katika sehemu yake. Hapo ndipo usakinishe Ubuntu katika ile nafasi tupu. Soma kila ukurasa mara mbili, maana chaguo la kufuta diski nzima liko jirani tu na hilo unalolitaka. Windows itangulie daima. Ikija nyuma, mara nyingi huipiku ile menyu ya kuchagua mfumo kompyuta inapowaka.

Mwisho, saa isikutishe. Windows huichukulia saa ya ndani ya kompyuta kuwa ni ya hapa kwetu, lakini Ubuntu huiweka katika saa ya UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, ambayo iko nyuma yetu kwa saa 3. Nilitoka Ubuntu saa 2 usiku, Windows ikanionyesha saa 11 jioni, nami nikadhani betri ya ndani imekufa, hata nikanunua nyingine bure. Fungua Ubuntu, na katika Terminal (dirisha la kuandikia amri) uandike amri hii mara moja tu, ili nayo ifuate saa ya hapa kwetu: timedatectl set-local-rtc 1