Ameanza darasa la mahakama, nimrudishe nyumbani?

Pole sana dada. Unasema mumeo ameanza darasa la kuacha ukatili wa nyumbani aliloamriwa na mahakama huko California baada ya kukupiga, na mawifi wanakushinikiza umrudishe. Usikubali. Sheria ya huko inadai ahudhurie mwaka mzima, kwa muda wa saa 2 kila wiki, na ripoti kwa hakimu angalau kila miezi 3. Ushauri wa wanandoa hauruhusiwi ndani ya programu hiyo, na ni haki kabisa: ungesemaje ukweli naye amekaa ubavuni? Kuhudhuria si kubadilika. Sikiliza kama bado anasema "wewe ndiye ulinichokoza". Amri ya kumzuia asikukaribie ikiwa ingalipo, hata ukimkaribisha mwenyewe, haifutiki. Hakimu tu ndiye huibadilisha. Akija kwa vitisho, piga 911, uombe mkalimani wa Kiswahili.