Mama anatolewa kwenye mashine mapema: fanya hivi

Pole sana, dadangu. Umesema mama huandikiwa kusafishwa damu kwa mashine ya figo kwa muda wa saa nne, lakini katika hospitali ya umma hapa Nairobi wanamtoa baada ya saa mbili na nusu kwa sababu ya foleni, nawe unaogopa kulalamika asije akabaguliwa. Nilipitia hayo na marehemu baba.

Kilichotuokoa ni daftari. Andika tarehe, saa ya kuwekwa na kutolewa, presha, uzito kabla na baada. Baada ya wiki tatu, mpelekee muuguzi msimamizi wa kitengo (si yule wa zamu, naye amelemewa) na umuulize kwa upole kama daktari wa figo ameidhinisha muda huo. Kimya kikizidi, andikeni barua kwa wasimamizi wa hospitali, familia nne tano pamoja, mbaki na nakala yenye muhuri. Tajeni Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010, kinachompa kila mtu haki ya huduma za afya. Wakipuuza, nendeni Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma.

Lakini akikosa pumzi au moyo ukipiga ovyo, achana na barua, mkimbize idara ya dharura: potasiamu, madini ambayo mashine huyapunguza kwenye damu, ikipanda huweza kusimamisha moyo. Ndizi na parachichi zina potasiamu nyingi, kwa hivyo muulize mtaalamu wa lishe kwanza.