Ritifaa ya Kiingereza: maswali yenu

Swali: Mwalimu, "its" na "it's" hunichanganya kila ninapoandika. Nishike lipi?

Jibu: Ritifaa, ile alama ya ('), hapo inakuambia kuna herufi zimemezwa. "It's" ni "it is" au "it has". "Its" ni kimilikishi, kama -ake yetu. Ukikwama, rudisha neno zima na usome kwa sauti. "The dog wagged it is tail": sikio linakataa lenyewe, basi andika "its". Ila msiisahau hiyo "has". Mtu hukutana na "it's been raining", akajaribu "is", akaona haiingii, akafuta ritifaa iliyokuwa mahali pake.

Swali: Mbona "the teacher's book" ni umiliki na ina ritifaa?

Jibu: Vurugu yote inaanzia hapo. Nomino huipokea, viwakilishi hivi huikataa: his, hers, ours, yours, theirs. Hakuna anayeandika "hi's", kwa hiyo "its" iwekeni kundi hilohilo. Na msijione wajinga, maana wenye lugha yao nao walihangaika. Katika karne ya 17 na ya 18 "it's" ya umiliki ilichapwa vitabuni bila mtu kushtuka. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Walawi 25:5, ilikuwa na "it owne accord", ambayo leo ni "its own accord": s haipo, ritifaa haipo.

Swali: "Your" na "you're" je?

Jibu: Kipimo ni kilekile. "You are late" inakubali, "you are phone" haikubali. Usiitegemee simu ikurekebishe. Maneno yote mawili yana tahajia sahihi, kwa hiyo mara nyingi huyaacha yapite.

Swali: Nitofautishie their, they're na there.

Jibu: "They're leaving their bags there." Wanaondoka, mabegi ni yao, yanabaki pale. Ikariri hiyo, inatosha.

Swali: "Whose" ni ya watu tu?

Jibu: La. "A house whose roof leaks" ni Kiingereza safi. "Who's" ndiyo "who is" au "who has": who's there, who's eaten.

Swali: Nimeona watu wanaandika "should of". Ni sahihi?

Jibu: Si sahihi, hata kama aliyeandika ni Mwingereza. Wanasikia "should've" ikitamkwa haraka, wanaandika walichosikia. Ni "should have". Na "could of" na "would of" zifute pia.