Kigari cha mtoto ndani ya Noah tukifunge wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Tunaishi Kigamboni na gari letu ni Noah. Kigari cha mtoto tulinunua cha mtumba, fremu ya chuma, kina kama kilo 12. Tunakunja siti za safu ya tatu na kukilaza hapo. Gari likiteremka kuingia kwenye pantoni kinateleza mpaka kinagonga siti ya kaka yake wa miaka minne. Baba yao anataka seremala wa Keko atutengenezee shubaka la plaiwudi: kigari juu, mizigo mingine chini. Mimi roho inasita. Tufanyeje?
Mama wa wawili, Kigamboni

JIBU: Marahaba mwanangu. Shubaka hilo msilitengeneze. Seremala wa Keko atawapigia kazi safi, sina shaka naye, ila kigari kikikaa juu kitakuwa usawa wa vichwa vya watoto, na plaiwudi yenyewe itakuwa mzigo mwingine wa kuruka.

Mwambie baba yao hesabu hii. Gari lililo kwenye kilomita 50 kwa saa, mwendo unaoruhusiwa mjini, likigonga na kusimama ndani ya nusu mita, kigari cha kilo 12 huvuta mbele kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 240. Ndiyo maana sitaki kusikia habari ya ile mipira ya kufungia mizigo kwenye bodaboda. Mpira hunyumbuka, na kigari kinapata nafasi ya kuchukua kasi kabla haujakaza. Wavu wa buti nao ni wa kuzuia nyanya zisitawanyike, basi.

Kilazeni chini kabisa, sakafuni, ubavu wake mrefu ukiegemea mgongo wa siti ya safu ya pili. Siti za Noah husogea kwenye reli, kwa hiyo irudisheni nyuma mpaka iguse kigari, kisha itikiseni kwa nguvu muone kama imejifunga. Magurudumu yakichomoka, yachomoeni myaweke kwenye mfuko uliofungwa pamoja na fremu.

Sasa kamba. Tafuteni mikanda bapa miwili yenye kikazio cha chuma, kama wanayofungia mizigo ya malori, na lebo inayoonyesha uzito inaohimili. Ipitisheni ndani ya fremu ya chuma, si kwenye kitambaa wala mpini, ipishane, kila mmoja uvute kigari chini na nyuma. Mwisho wake ushike bodi ya gari. Tazameni sakafuni pale siti za safu ya tatu zinapokamatia: chuma kile kimewekwa kushika siti yenye mtu, anzieni hapo. Kama hakifikiki, fundi wa bodi afunge bolti za pete za milimita 10, na chini ya bati aweke bamba pana la chuma ili bolti isichomoke na bati lake. Kabla hajagusa drili lazima aingie uvunguni, aone tangi la mafuta na bomba za breki zinapopita. Akianza kutoboa bila kuangalia, mnyang'anyeni funguo. Tundu lipakwe rangi siku hiyo hiyo. Hewa ya chumvi ya Kigamboni mnaijua.

Mikanda ya abiria ya safu ya pili iacheni kwa abiria. Na mdogo asisafiri ndani ya kitanda cha kigari hata mkiwa mnaenda Feri tu. Kile ni cha kutembezea barabarani kwa miguu. Garini anahitaji kiti chake cha gari, na kama fedha ya mwezi huu inatosha kitu kimoja, nunueni kiti kwanza, kigari kibaki nyumbani.

Matuta hulegeza mikanda, kwa hiyo kabla ya kupanga foleni ya pantoni shuka, fungua nyuma, ikaze tena.