Maswali na majibu: Je, Mungu hujuta? Kitenzi kimoja cha Kiebrania

Maswali ya safari hii karibu yote yanazunguka kitenzi kimoja, *naham*. H yake hutamkwa kooni, kama ile ya Kiarabu katika *rahma*. Maneno ya Biblia nayanukuu kutoka tafsiri ya Muungano.

Nimeambiwa kwamba "akaghairi" ya Mwanzo 6:6 na "vyanifariji" ya Zaburi 23:4 ni neno moja. Inawezekanaje?

Mzizi ni mmoja, kauli ni mbili. Sisi tunaosema fariji, farijika, farijiana hatupaswi kushangaa sana. Katika kauli iitwayo *piel*, mzizi huu ni kumfariji mtu. Katika *nifali*, kitendo humrudia mtendaji mwenyewe: anajuta, anaghairi, au anafarijika. Yuda alipomaliza kumlilia mkewe (Mwanzo 38:12), kauli ni hiyohiyo ya nifali, na pale hakuna mtu aliyejuta. Kinachoziunganisha maana hizi ni moyo kubadilika: kutoka huzuni kwenda utulivu, au kutoka azimio moja kwenda jingine.

Msomaji wa kawaida atazitofautishaje?

Umbo la neno peke yake wakati mwingine halimsaidii hata mjuzi. Isaya 49:13, "BWANA amewafariji watu wake", na Amosi 7:3, ambapo Bwana anaghairi ile adhabu ya nzige: katika Kiebrania kitenzi ni *niham* mahali pote pawili, herufi kwa herufi, irabu kwa irabu. Tazama kinachofuata. Kwa Isaya kuna watendwa, "watu wake". Kwa Amosi kuna *al*, yaani "juu ya" jambo hilo. Kamusi inayokupa orodha ya maana bila kukuonyesha sentensi itakupoteza hapa.

1 Samweli 15:11 Mungu anasema "Najuta", kisha mstari wa 29 Samweli anasema "hatajuta". Nani anasema kweli?

Ongeza na mstari wa 35, ambapo msimulizi anarudia kwamba Bwana alijuta kumtawaza Sauli. Wako wanaojibu kwamba ni maana mbili tofauti za neno. Jibu hilo silikubali. Kitenzi ni kilekile, kauli ileile, ndani ya sura moja, na mwandishi aliyeyaweka maneno ya Samweli katikati ya mistari hiyo miwili hakuwa amesinzia.

Mimi naangalia nani anaambiwa. Mstari wa 29 anaambiwa Sauli, ambaye sekunde chache nyuma ameshika upindo wa vazi la Samweli hadi likararuka, akitaka hukumu ibatilishwe. Ufalme umekwisha kupewa mwingine, na neno hilo halibembelezwi. Hesabu 23:19 ina hali kama hiyo: Balaki, mfalme wa Moabu, amemwita mwaguzi Balaamu ageuze baraka ya Israeli iwe laana, anajibiwa kwamba Mungu si mwanadamu hata ajute. Zaburi 110:4 nayo inazungumzia kiapo ambacho Bwana hatakighairi.

Upande wa pili, Yeremia 18:7-10 inaeleza wazi Mungu anaghairi lini: taifa lililoonywa likiacha uovu, adhabu inaondolewa, na lililoahidiwa mema likiasi, mema hayo yanaondolewa pia. Ninawi walifanyiwa hivyo, na Yona akakasirika. Katika Yona 4:2 anakiri kwamba alikimbilia Tarshishi kwa sababu alijua Mungu wake hughairi mabaya. Nabii analalamikia tabia njema ya Mungu!

Ayubu alitubu nini (42:6), wakati Mungu mwenyewe anasema amenena yaliyo sawa?

Swali zuri kuliko yote. Kitenzi hapo ni *nihamti*, nifali ya *naham*, na kinafuatwa na *al*, "juu ya mavumbi na majivu". Muungano imeandika "kutubu", na inatetewa na wengi. Wengine husoma kwamba Ayubu anaghairi mashtaka yake, au kwamba amefarijika akiwa bado majivuni. Naelemea hii ya mwisho. Rafiki zake walikuja kumfariji (2:11), akawaita "wafariji wenye kutaabisha" (16:2), na mahali pote pawili mzizi ni huuhuu. Faraja aliyoikosa kwao kitabu kizima, anaipata alipomwona Mungu.

Jina la Nuhu linatoka hapo?

Kisarufi, hapana. Linakaribia zaidi *nuah*, kupumzika. Lakini baba yake Lameki analifafanua kwa *naham*: "atakayetufariji" (Mwanzo 5:29), na mistari michache mbele mzizi uleule unarudi, safari hii Mungu akighairi kumfanya mwanadamu. Msikilizaji wa Kiebrania aliusikia mwangwi huo. Nahumu, Nehemia na Menahemu ndiyo majina halisi ya mzizi huu.

Manabii wanapowaambia watu watubu, hutumia neno hili?

Kwa kawaida wanatumia *shuv*, kurudi. Katika Yona 3:9-10 vitenzi hivyo viwili viko pamoja: watu wanarudi kutoka njia yao mbaya, Mungu anaghairi.