Dubu Hutafutwa Kabla ya Msimu, Tena Kwenye Fyeko Lililoota

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa kijana mmoja anayeishi Salem hapa Oregon, Marekani, mzaliwa wa Kigoma. Aliandika hivi: "Shikamoo kaka. Huu ni mwaka wa pili nalipia kibali cha dubu. Naamka saa tisa usiku, naendesha hadi milimani, nakaa kwenye fyeko siku nzima na darubini. Sijaona hata unyoya. Wewe unawapataje?" Akaniwekea na picha ya mahali anapokaa, fyeko, yaani msitu uliokatwa miti yote. Ni pahali pazuri kwa macho: bonde zima liko wazi, visiki bado vyeupe, udongo mtupu, na miche ya msonobari imefika magotini.

Nilipoiona tu nikajua tatizo liko wapi. Mdogo wangu, hapo hakuna dubu kwa sababu hakuna chakula.

Nimeamua kumjibu hapa hadharani kwa sababu mliopo huku pwani ya Pasifiki mmeniuliza jambo hilihili mara nyingi, na kwa sababu mimi nilipouliza sikujibiwa. Nitalieleza hilo kwanza, maana bado linaniuma. Mwaka ule naanza, niliwakuta wanaume watatu kwenye geti la barabara ya magogo, wanapakia dubu mkubwa nyuma ya gari. Niliwasalimu kwa heshima, nikawapongeza, nikauliza wanatafuta nini wakiingia kwenye mafyeko. Wawili walinyamaza. Wa tatu akasema mambo hayo hawafundishwi wageni, akapanda gari, wakaondoka. Nilibaki pale getini na baiskeli yangu. Nina leseni kama wao, nalipa kodi kama wao, na watoto wangu wamezaliwa nchi hii. Tangu siku ile niliapa kwamba nikijua, nitasema.

Basi sikilizeni. Huku magharibi ya Oregon, kuanzia Tillamook hadi Coos Bay, makampuni ya mbao yanalima msonobari wa Douglas kama zao la shamba. Miti ikikomaa inakatwa yote kwa mkupuo mmoja. Sheria ya jimbo inazuia fyeko moja lisizidi ekari 120, na inataka miche mipya iwe ardhini ndani ya miaka miwili. Miaka ya mwanzo makampuni mengi hupiga dawa ya kuua magugu ili miche isisongwe, kwa hiyo fyeko changa huwa jangwa. Linapendeza kwenye darubini, lakini dubu halimsaidii kitu. Baadaye dawa inakoma na vichaka vya matunda pori vinapanda: blakiberi, hakleberi nyekundu inayoota juu ya visiki vilivyooza, salali, na miti midogo yenye matunda. Kuanzia mwaka wa nne au wa tano hadi kama wa kumi, fyeko linakuwa ghala. Halafu misonobari inakutana matawi, kivuli kinafunga, vichaka vinakufa chini yake, na ghala linafungwa. Fyeko la miaka 15 mara nyingi ni giza tupu ndani.

Dirisha lenyewe ni hilo tu. Ukilikosa, utakaa na darubini hadi uote mizizi.

Kwetu Urambo, mtu anayetafuta asali haanzi kwa kutazama nyuki, anaanza kwa kutazama miyombo imechanua upande gani. Dubu ni hivyohivyo. Kuanzia Agosti anakula kwa ajili ya usingizi wa baridi, na wataalamu wanasema anaweza kufikia kalori 20,000 kwa siku. Mnyama wa namna hiyo hazururi ovyo. Yuko kwenye matunda, na matunda yana ratiba. Blakiberi ya asili, ile inayotambaa chini, inaiva Julai. Blakiberi kubwa ya miiba minene, ambayo mzalishaji wa mimea Luther Burbank aliisambaza Marekani mwishoni mwa karne ya 19 na sasa imetapakaa kila mtaro, inaiva Agosti hadi Septemba, na salali inafuatana nayo. Karibu na bahari kuna hakleberi isiyopukutisha majani, inabeba hadi Novemba. Na kadiri unavyopanda mlima ndivyo matunda yanavyochelewa, kwa hiyo dubu wa mwanzo wa Agosti bondeni unaweza kumfuata juu mwezi unaofuata.

Umri wa fyeko unaujuaje? Watu wananunua ramani za gharama, wakati jibu limesimama mbele yao. Mwendee msonobari mmoja mchanga, mtazame kuanzia chini. Kila mwaka anatoa duara moja la matawi kuzunguka shina, kisha anarefuka, kisha duara lingine. Hesabu maduara, ongeza mwaka mmoja au miwili ya kati ya kukatwa na kupandwa, umepata umri wa fyeko kwa makadirio. Ukiwa nyumbani, fungua Google Earth uangalie picha za miaka ya nyuma, utaona ni mwaka gani msitu uliondoka pale. Mimi hufanya hivyo wakati wa baridi, watoto wakishalala, na Julai naenda kwa miguu kuhakikisha. Bila bunduki. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa, wanataka kuingia msituni siku ya kuwinda tu.

Mwaka huu nilikuwa na fyeko moja juu ya mto Siletz ambalo nilikuwa nalifuatilia tangu lilipokuwa na visiki vyeupe kama vya picha ya kijana wetu. Wenzangu walikuwa wanalipita na magari wakiliona ni pori baya lisilopenyeka. Mimi nilikuwa nahesabu maduara. Julai niliingia kupitia barabara ya zamani ya magogo iliyoota nyasi na klova, nikakuta kinyesi kila baada ya hatua chache. Cha zamani kilikuwa kimekauka na mbegu zimetawanyika kama pilipili manga. Kipya kilikuwa cheusi, kinang'aa, nzi juu yake, na nilipokipasua kwa kijiti nikaona matunda mengine hayajasagika kabisa, bado na ngozi yake ya zambarau. Pembeni kuna kisiki kimeraruliwa vipande virefu, ndani bado mbichi, sisimizi wanahangaika kubeba mayai yao. Kwenye tope, unyayo wa mbele ulikuwa mpana kuliko kiganja changu. Na katikati ya blakiberi kulikuwa na njia iliyoinama kama handaki, urefu wa kiuno, miiba imesukumwa pembeni.

Nilisimama pale moyo unadunda. Sikumwambia mtu.

Septemba nilikaa upande wa pili wa bonde, kwenye uwanja wa zamani wa kupakia magogo, upepo wa bahari ukinipiga usoni. Hili la upepo lishikeni sana. Asubuhi hewa ya baridi inateremka na mabonde, jua likipanda inapanda nalo, na karibu na pwani alasiri upepo wa bahari unaingia. Dubu macho yake si mabaya, lakini pua yake haina mpinzani. Ukikosea upepo hutamwona akiondoka, na utasema mahali hapana dubu. Basi jioni, saa mbili za mwisho wa mwanga, niliona kichaka kinatikisika wakati vingine vimetulia. Hakuna mnyama, kichaka tu. Nikasubiri. Mgongo ukatokea, mweusi ti, ukazama tena. Nilimtazama muda mrefu kuhakikisha hana watoto nyuma yake, kisha alipotoka kwenye kisiki akasimama ubavu, mita 180, nikamaliza kazi kwa risasi moja. Dume, masikio madogo yaliyoachana, tumbo limejaa blakiberi. Nilimbeba kwa mafungu usiku ule hadi kwenye baiskeli, na nilipofika getini nilitamani wale watatu wawepo.

Nimejivuna, ndiyo. Nimefanya kazi, nina haki.

Sasa niwaambie vijana jambo moja bila kuzunguka. Mnataka picha ya dubu mtandaoni, lakini hamtaki Julai yenye miiba. Wapiga kura walikataza mwaka 1994 kuwinda dubu kwa chambo na kwa mbwa hapa Oregon. Maana yake ni kwamba kilichobaki ni macho, miguu na akili. Huwezi kununua njia ya mkato. Nendeni mapema, nendeni tena, tafuteni chakula, tafuteni kinyesi kibichi, rudini. Na mwaka huohuo wa 1994 serikali kuu ilipunguza sana ukataji kwenye misitu yake ya huku, kwa hiyo mafyeko ya zamani ndani ya Siuslaw, msitu wa taifa wa huku pwani, mengi yameshafunga kivuli. Mafyeko yenye umri unaofaa utayakuta zaidi kwenye ardhi ya makampuni, na kila kampuni ina utaratibu wake: mengine yanauza vibali, mengine yanaruhusu miguu na baiskeli tu, na karibu yote hufunga mageti hatari ya moto ikipanda Agosti. Ulizeni kabla. Mwafrika akikutwa nyuma ya geti lililofungwa, maelezo yake hayasikilizwi sawasawa na ya mwingine. Nimeyaona.

Hakikisheni pia hadhi yenu ya uhamiaji inaruhusu kumiliki bunduki. Mwenye kadi ya kijani (ukaazi wa kudumu) hana shida kwa sheria ya shirikisho, lakini mwenye viza ya muda asiguse mpaka ajue anaangukia wapi. Usipige jike mwenye watoto wa mwaka huo, sheria ya Oregon inakataza na hata isingekataza usifanye. Ukishaua una siku 10 kupeleka fuvu kwa Idara ya Samaki na Wanyamapori, likiwa halijagandishwa, watoe jino wapate kujua umri wake.

Kuhusu nyama, najua wengine mtakasirika. Ndugu zangu Waislamu dubu kwao ni haramu na siwapelekei, tunaheshimiana, Eid nawapelekea mbuzi. Lakini walionicheka kanisani kwamba nakula mnyama wa ajabu, hao hao walikula mchuzi wangu wa mwaka jana wakaomba tena. Mchuneni upesi, maana ngozi na mafuta yake yanashika joto na Agosti nyama inaharibika ndani ya muda mfupi. Na mpike hadi ndani ifike nyuzi 71 za Selsiasi, kwa sababu dubu hubeba minyoo ya trikinela, na kuigandisha kwenye friza hakutoshi kuwaua.

Kijana wa Salem, liache hilo fyeko lako kwa miaka mitatu au minne, liwekee alama kwenye ramani. Mei na Juni pita kando ya misitu ya umri wa kati utafute misonobari iliyochunwa magome kwa chini, na ile ya zamani ambayo majani yake yamegeuka mekundu. Dubu huchuna majira hayo kukwangua kwa meno tabaka tamu la chini ya gome, makampuni yanawalalamikia kila mwaka. Ukiikuta, angalia kama ndani ya kilomita moja au mbili kuna fyeko lenye maduara sita hadi tisa. Nipigie Julai. Tutaingia pamoja, uje na glavu nene, maji yako mwenyewe, na suruali usiyoipenda.