Kwa Anayeanza Kupiga Silueti

Wapiga picha wapya wengi huamini kwamba silueti hupatikana kwa kumsimamisha mtu mbele ya jua linalozama na kubonyeza kitufe. Mara nyingi matokeo yake ni picha yenye giza tu, ambayo mtazamaji hawezi kutambua kama walio mbele yake ni mtu mmoja, wawili, au kisiki. Silueti ni umbo jeusi mbele ya mwanga, linalotambulika kwa ukingo wake peke yake. Kwa hiyo kabla hujagusa kamera, jiulize kama kitu unachokipiga kingeeleweka iwapo kingekatwa kwa mkasi kutoka kwenye karatasi nyeusi.

Mkasi na karatasi ndivyo vilivyotangulia. Katika Ulaya ya karne ya 18, kabla upigaji picha haujatangazwa rasmi mwaka 1839, mtu asiyemudu gharama za mchoraji aliweza kukatiwa sura yake katika karatasi nyeusi kwa bei ndogo. Jina lilitokana na Étienne de Silhouette, aliyesimamia hazina ya Ufaransa kwa miezi michache mwaka 1759, wakati wa Mfalme Louis XV, na ambaye ubanaji wake wa matumizi uliwafanya watu walihusishe jina lake na vitu vya bei rahisi. Mafundi wale walipendelea sura ya upande, na sababu yao ingalipo: uso unaokutazama moja kwa moja ukijaa weusi hubaki duara, ilhali ukigeuzwa upande, paji, pua, midomo na kidevu vyote huonekana.

Kanuni hiyohiyo ihamishie kwenye mwili mzima. Mtu aliyekunja mikono kifuani hupoteza mikono yake kabisa, na simu aliyoishika mbele ya tumbo hutoweka. Mwombe aitenge mikono na kiwiliwili ili mwanga upite katikati. Aliyevaa buibui au kanzu huwa pande moja la weusi, na hapo mkono ulioinuliwa au hatua iliyopanuliwa ndiyo huokoa picha. Ngalawa ipigwe kwa namna ambayo matengo yake, yaani vile vielea vya pembeni, yanaonekana, maana ikitazamwa ubavuni kabisa huweza kufanana na mtumbwi wowote. Watu wawili wasigusane isipokuwa kama kugusana huko ndiyo habari yenyewe. Kisha angalia mstari wa upeo wa macho: ukipita shingoni huonekana kama umemkata mtu kichwa. Piga magoti, ushushe kamera, ili kichwa na mabega vibaki juu ya anga tupu. Binafsi nadhani nusu ya silueti mbovu zingepona kwa mpiga picha kukubali tu kuchafua suruali yake.

Kuhusu mwanga, maelezo ni mafupi. Kamera inayojipangia yenyewe hutafuta wastani wa mwanga wa picha nzima, na ikiona umbo jeusi kubwa huongeza mwanga hadi anga likapauka. Pima mwanga kwenye anga lililo kando ya jua, ufunge kipimo hicho kisibadilike, kisha ndipo upange picha yako, flashi izimwe. Kwa simu, bonyeza na ushikilie sehemu angavu ya skrini, kisha shusha mwangaza, na kama simu yako ina HDR (mpangilio unaounganisha picha za mwangaza tofauti kuwa moja) iondoe, kwa sababu kazi yake hasa ni kurudisha yale unayotaka yapotee gizani.

Katika nchi zilizo karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, na tangu duara lake liguse upeo hadi lizame hupita dakika mbili na kidogo tu. Fika mapema, lakini usiondoke upesi, kwa kuwa dakika kama ishirini zinazofuata hutoa anga laini ambalo mara nyingi ni bora kuliko jua lenyewe. Dar es Salaam jua huchomoza upande wa bahari, hivyo kazi ya ufukweni ni ya alfajiri. Kigoma na Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako jua huzama upande wa maji, ni vya jioni. Ukitaka jua kubwa nyuma ya mtu, lenzi ndefu, ile inayovuta vitu vya mbali, peke yake haitoshi, kwani mtu wa kimo cha kawaida hulingana na duara la jua akiwa umbali wa karibu mita 180 kutoka kwako. Usilitazame jua kupitia tundu la kuchungulia la kamera yenye lenzi hiyo, maana huunguza jicho, tumia skrini.

Wanaoingia katika uandishi wa habari watatakiwa pia kutumia silueti kumficha shahidi au mwathirika, na hapa ndipo uzembe hugharimu zaidi. Weusi unaouona kwenye skrini huenda bado una sura ndani yake, na yeyote mwenye faili anaweza kuinua mwangaza na kuitoa. Zima taa za chumba, mkalishe mhusika kati ya kamera na dirisha, na uondoe ukuta mweupe au shuka linalorudisha mwanga usoni. Kisha fungua faili kwenye kompyuta, uinue mwangaza hadi mwisho, na ukiona jicho au mdomo urudie kazi palepale kabla mhusika hajaondoka. Hata weusi ukiwa kamili, ukingo nao hutaja mtu: majirani humjua kwa msuko, miwani, hereni, au namna anavyoinamisha bega. Mwombe avue vinavyovulika, ajitande kitenge, na umpige kwa nyuma badala ya upande, kwa sababu ile pua iliyokuwa faida yako ufukweni humfichua hapa. Mandhari ya dirishani nayo isionyeshe mnara wala bango la duka, na mhusika aione picha kabla haijatumwa kwa mhariri.